Kidole Kilichopaswa Kuvuja Damu

Panga lilipopita sikusikia maumivu. Nilisikia mlio tu, kama ule wa mifupa mingine niliyokuwa nimekata tangu asubuhi, nikaendelea kuzungumza. Nilikuwa nikiwasimulia wanawake wa pale uani habari za kisima tulichotekea utotoni huko Buna, jinsi mama alivyotupanga kwa urefu ili mwenye mikono mirefu asimame karibu na maji, na nilikuwa nimeinua uso nione kama wanacheka. Hawakucheka. Binamu yangu, ambaye harusi ilikuwa yake, alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nilipotazama chini niliona kidole changu cha shahada kimeishia pale kucha inapoanzia.

Tulikuwa nyumbani kwa habaryar, mdogo wake marehemu mama, hapa Garissa mjini. Harusi ilikuwa imebakiza siku mbili. Wengine walikuwa wakichana nyama vipande virefu vya kuanika kwa ajili ya nyirinyiri, ile nyama kavu ya kuhifadhiwa kwenye samli, na mimi nilipewa mifupa ya supu. Natumia mkono wa kushoto. Tangu nikiwa mtoto habaryar amenikemea kwa hilo, nami nimejifunza kula kwa kulia na kusalimia kwa kulia, lakini panga, mkasi na sindano havijawahi kukubali kuhama. Kwa hiyo ulioshika mfupa siku ile ulikuwa mkono wa kulia.

"Huo mkono wa kushoto!" habaryar alifoka huku akinifunga leso kwenye kifundo cha mkono. "Miaka arobaini na zaidi nausema huo mkono wa kushoto!"

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria. "Na kipande kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya sinia, katikati ya nyama. Wanawake watano walipiga magoti wakaanza kupekua, na paka wa jirani alikuwa amesogea karibu, amekaa kwa adabu kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Mtu alimrushia kandambili. Vipande vyote vilikuwa vyekundu, vyote vilikuwa na ukubwa wa kidole. Aliyekiona ni binamu yangu, na alikitambua kwa sababu ya hina. Jana yake tulikuwa tumepakwa sote, ncha za vidole zimechovywa mpaka kiungo cha kwanza, nyeusi inayoelekea wekundu. Katika sinia lile lote, kipande kimoja tu kilikuwa na hina.

Binamu yangu aliwahi kufundishwa huduma ya kwanza shuleni, akakumbuka. Alikifunga kwa kitambaa safi kilicholowa maji, akakitia ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ule akautia ndani ya mwingine wenye barafu ya kupozea soda za harusi. Tuliondoka hivyo kwenda hospitalini, mimi nimeinua mkono juu, yeye amepakata mfuko.

Naandika haya kwa sababu watu wakiniona wananiuliza kuhusu panga. Panga si kitu. Hofu yangu haikuanza kwenye panga.

Hospitalini palikuwa na daktari mpasuaji aliyekuja kwa wiki ile moja kuwashona watoto wenye midomo iliyopasuka. Alikitazama kipande changu kwa muda mrefu, akakigeuza kwa koleo, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia nashona nguo. Nilimaliza kidato cha nne sikupata cha kufanya, mama akaniachia cherehani yake ya mkono, na kwa cherehani hiyo nimekaa Bute, nimekaa Wajir, nimekaa Dagahaley miaka sita nikiwashonea wakimbizi sare za watoto wao. Sijawahi kukaa mahali pamoja nikazeeka napo. Pale ninapotua, mkono wa kushoto hushika sindano na kidole cha shahada cha kulia huongoza kitambaa, na ncha ya kidole kile inajua tofauti ya pamba na nailoni hata nikiwa nimefumba macho.

"Nitajaribu," alisema. "Sijakuahidi."

Alishona kwa muda wa karibu saa nne akiwa amevaa miwani yenye vioo virefu. Mkono ulikuwa umekufa ganzi hadi begani, lakini mimi nilikuwa macho. Alipomaliza alikaa kwenye benchi karibu na kichwa changu, akavua kofia, akanieleza. Mshipa unaoingiza damu aliupata, akauunga. Mishipa ya kuitoa aliitafuta, hakuipata. Pale nchani ni myembamba mno, haishikiki.

"Ni kama chumba chenye mlango wa kuingilia tu," alisema. "Watu wanaingia, hakuna anayetoka. Wakijaa, wanakosa hewa. Damu ikijaa humo ndani na kulala, kidole kitakufa, hata kama nimeshona vizuri."

"Sasa itatokea wapi?"

"Tutaitoa sisi. Mwili wako utajifungulia njia zake wenyewe, lakini unahitaji siku tano, pengine saba. Mpaka hapo sisi ndio mlango."

Alikuwa ameing'oa kucha makusudi. Pale kucha ilipokuwa, kila baada ya saa moja, mchana na usiku, muuguzi angechoma kwa sindano au kukwaruza, kisha angeweka pamba iliyolowa dawa ya kuzuia damu isigande. Kidole kilipaswa kuvuja. Kisipovuja, ndipo kuna hatari. Akanihesabia nisivyoruhusiwa: chai, kahawa, sigara, miraa, maji baridi, feni inayonielekea. Vyote hivyo hubana mishipa.

"Na usiogope," akaongeza akiwa mlangoni. "Hofu nayo hubana mishipa."

Nadhani alikuwa akinitakia mema. Lakini tangu dakika ile nilianza kuogopa kuogopa. Moyo ukienda mbio nilikuwa nauona mshipa ule mmoja, mwembamba kama uzi wa cherehani wa namba sabini, ukijikunja na kujifunga. Nilikuwa najilazimisha kupumua taratibu, na kule kujilazimisha kulinifanya nipumue haraka zaidi. Siku mbili baadaye daktari aliondoka kurudi Nairobi, na kidole kikabaki na muuguzi.

Muuguzi alikuwa mwanamume wa makamo kutoka upande wa Mwingi, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa isiyotetemeka. Tatizo lake la kwanza lilikuwa hina yangu. Alinieleza kwamba kidole husomwa kwa rangi. Unabonyeza, kinakuwa cheupe, unaachia, kinarudi kuwa chekundu. Kikirudi polepole na weupe ukabaki, damu haiingii. Kikirudi haraka mno na kuwa cha zambarau, damu haitoki. Lakini changu kilikuwa na rangi ya hina pande zote, na pale palipong'olewa kucha palikuwa nyama tupu iliyolowa damu, haikusema kitu.

"Nimeuguza vidole vingi," alisema akikigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Hiki kimevaa buibui."

Hata mimi nilicheka. Ile hina iliyonipatia kidole kwenye sinia sasa ilikuwa imekificha. Hakuwa na njia ila kukigusa kwa mgongo wa kidole chake, kusikia kama kina joto, kisha kuchoma na kuitazama damu. Damu nyekundu inayong'aa ilikuwa habari njema. Damu nyeusi nzito ilimaanisha imelala. Kutotoka damu kabisa ndiko kulikokuwa mwisho. Basi kila saa nilikuwa napewa habari mpya, nami kila saa niligeuza uso ukutani mpaka aliposema, "Nyekundu."

Habaryar hakugeuza uso. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, mtandio wake wa garbasaar umefunika mabega, tasbihi mkononi, akiihesabu pamba. Pamba iliingia nyeupe ikatoka nyekundu, ikaingia nyingine.

"Wewe warya," alimwambia muuguzi siku ya pili, kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii kidole ya mtoto yangu inatoka damu tangu jana. Wewe unafunga lini?"

"Sifungi, mama. Nafungua."

"Unafungua! Damu iko ngapi kwa mtu?"

"Iko ya kutosha, mama."

"Umehesabu?"

Muuguzi alicheka akaondoka na sinia lake la sindano. Habaryar hakucheka. Alinigeukia akasema kwa Kisomali kwamba amezika dada, amezika mume, na hajapata kuona hospitali inayomtoboa mtu aliyeletwa kwa sababu anatoka damu.

Nami nilikuwa nimeanza kuwaza kama yeye. Siku ya tatu midomo yangu ilikuwa imekauka, nikiinuka kwenda msalani kuta zilizunguka. Walikuwa wamenipima damu asubuhi, wakasema imepungua lakini bado wanaweza kusubiri. Neno "bado" lilinikaa kifuani. Joto la Garissa, ambalo popote nilipokwenda nimelisema vibaya, lilikuwa dawa yangu sasa. Feni ilizimwa, madirisha yakafungwa upande wa upepo, na mimi nikalala nimelowa jasho, mkono umewekwa juu ya mito miwili, nikiutazama kama mtu anayelinda kitu cha wenyewe.

Mchana wa siku hiyo, baada ya adhuhuri, gari lililobeba mbuzi na watu lilikuwa limepinduka nje ya mji, na majeruhi waliletwa wote kwa mpigo. Muuguzi alikuja mbio, akachoma, akasema "Nyekundu," akabadilisha pamba.

"Nitachelewa," alisema. "Pengine kwa muda wa saa mbili. Wewe mwenyewe angalia pamba. Ikiendelea kulowa, usinitafute. Ikiacha kulowa, nitafute popote nilipo. Umenisikia? Si ikitoka. Ikiacha."

Nilimjibu nimesikia.

Pamba ililowa. Ililowa ikapita, tone moja likaangukia shuka, kisha jingine. Nilianza kuyahesabu matone, ingawa niliapa sitayahesabu. Habaryar alisimama, akafungua fundo kwenye ncha ya garbasaar yake, akatoa karatasi ndogo. Kabla hajaifungua niliisikia harufu, chungu na tamu, harufu ya nyumba ya bibi yangu. Ilikuwa malmal, ile gundi ya mti ambayo Waswahili huiita manemane. Kwetu hakuna kidonda ambacho hakikuwekewa malmal. Mtoto akitoka jandoni, mwanamke akitoka uzazini, mchungaji akichomwa na mwiba mpaka mfupani, ni malmal. Hukausha, huziba, hufukuza usaha. Mimi mwenyewe nina alama gotini ya jiwe la Buna, na mama aliiziba kwa hiyo hiyo.

"Kidogo tu," habaryar alisema. "Ikate hii damu upumzike. Yule akirudi atakukuta uko hai."

Ningetaka kuandika kwamba nilikuwa nimelala. Nilikuwa macho kama sasa. Nilijua nilichoambiwa. Lakini tone jingine lilianguka, na hofu ikaniambia kwamba muuguzi anachunga kidole na habaryar ananichunga mimi. Nikasema, "Weka."

Alilainisha unga ule kwa maji ya kunywa, akaubandika pale palipokuwa na kucha, akauzungushia uzi alioukwanyua kwenye pindo la garbasaar, akafunga. Mikono yake ilikuwa mizuri kwa kazi ile. Ndani ya muda wa kusoma Yasini, damu ilikatika. Akaweka pamba mpya juu, ikabaki nyeupe. Alisema alhamdulillahi, nami nikasema alhamdulillahi, na kwa mara ya kwanza tangu nijikate nilipata usingizi mwepesi wa mchana, nikaota natembea kwenye barabara ya vumbi jekundu na cherehani kichwani.

Adhana ya alasiri iliniamsha. Habaryar alikuwa ameshateremka kwenda kuswali. Nilitayamamu kwa mkono mmoja, nikaswali nimekaa kitandani. Nilipofika kwenye tahiyatu niliinua kidole cha shahada, kama nilivyofundishwa nikiwa sijaota meno yote, na kama nilivyofundishwa nikakielekezea macho.

Kilikuwa kimevimba kikawa kama tende iliyojaa maji, ngozi imekazana inang'aa, uzi umezama ndani. Rangi sikuiona kwa ajili ya hina. Pamba ilikuwa nyeupe, nyeupe kabisa, kama ilivyotoka kwenye pakiti. Niliigusa ncha kwa mdomo wangu, kwa sababu mdomo ndio ninaoutumia kujaribu joto la pasi kabla sijaipitisha kwenye nguo. Kidole kilikuwa na ubaridi wa kikombe.

Sikumbuki kama nilitoa salamu. Nakumbuka nikiwa ukumbini, dripu waliyonitundikia asubuhi nikiiburuta kwa mkono wa kushoto, nikimwita muuguzi, "Daktari! Daktari! Imeacha!" Majeruhi wa gari la mbuzi waliokuwa sakafuni wakaninyooshea njia ya kupita.

Muuguzi hakuuliza kitu mpaka tulipofika kitandani. Alifungua pamba. Malmal ilikuwa imekauka ikawa gamba la kahawia juu ya ngozi ya kahawia. Mtu asiyejua angesema ni damu iliyoganda. Yeye alinusa, akajua.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Tangu ulipoondoka."

Alikata uzi kwanza. Kisha akaleta maji ya chumvi ya vuguvugu akaanza kulilainisha lile gamba, polepole, akilitoa vipande vidogo kwa ncha ya koleo. Malmal haiachi upesi. Ndiyo sifa yake. Habaryar alirudi akatukuta hivyo. Alisimama mlangoni, viatu mkononi, akatazama uso wangu, akatazama ule uzi wa garbasaar yake ndani ya sinia la chuma. Hakuingia.

Gamba lilipotoka, muuguzi alichoma. Hakukutoka kitu. Akachoma pembeni. Hakukutoka kitu. Sikugeuza uso safari hii. Nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba sikunyang'anywa kidole hiki, nimekitoa mwenyewe kwa neno moja, "Weka." Moyo ulienda mbio, nikakumbuka hofu hubana mishipa, nikauma shuka. Muuguzi alikishika kidole ndani ya kiganja chake kikubwa akakipasha joto, kama mtu anayemshika kifaranga. Akakaa hivyo. Mlango wa pili majeruhi alikuwa akiita jina la mkewe. Akachoma mara ya tatu, ndani zaidi, akasugua kwa pamba ya dawa.

Lilitoka tone moja jeusi, zito kama oili chafu ya gari. Lilisimama palepale, halikutiririka. Akalifuta. Likaja jingine jeusi. La tatu lilikuwa na wekundu wa pembeni. Sijui yalikuwa mangapi kabla hajasema lile neno lake, na aliposema alisema kwa sauti ya kujiuliza, "Nyekundu?" Akafuta tena. "Nyekundu."

Alipomaliza alimwita habaryar aingie. Nilidhani atamkaripia.

"Mama," alisema, "hii dawa yako ni nzuri. Kidonda kingine chochote, weka. Hiki tu usiweke."

"Niliona atakauka," habaryar alisema. Kiswahili kilimtoka kwa shida. "Mtoto ya dada yangu."

"Najua. Sikiliza. Damu inayotoka hapa si ya kuzuiwa. Imeshafanya kazi, imechoka, haina njia. Ikibaki inaoza ndani. Nyinyi mnapiga hijama?"

"Mimi napiga kila mwaka. Mgongo."

"Ile damu ya mgongo mnaitoa kwa nini?"

Habaryar akakitazama kidole, akatazama sindano, akamtazama muuguzi kwa hasira ambayo ilikuwa mpya, ya namna nyingine kabisa.

"Kumbe ni hijama!" alisema. "Wewe warya, siku tatu unakaa na maneno yako ya kizungu, mlango, mshipa. Kwa nini hukusema hijama siku ya kwanza?"

Tangu hapo muuguzi hakuwa na amani. Habaryar aliilinda ile saa moja kuliko saa ya ukutani. Alikwenda kwenye harusi ya bintiye, yule binamu yangu, jioni akarudi kabla chakula hakijatolewa, ananuka moshi wa udi wa uunsi, ameficha nyirinyiri kwenye kibakuli, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Ametoboa?" Ikikaribia saa alisimama mlangoni akaita ukumbi mzima, "Warya! Hijama!" naye akajibu kutoka mbali, "Mama, bado dakika kumi!" Wagonjwa wengine walicheka. Mimi sikuweza. Kila alipochoma nilisubiri lile jeusi lirudi, na mara nyingine lilirudi.

Siku ya sita alipitisha saa mbili bila kuchoma, makusudi, apime kama njia zimefunguka. Nilikaa nimeinua kidole mbele ya uso, sikutaka kukiachia macho hata kwa kupepesa. Hakikuvimba. Siku ya nane akaacha kabisa. Nilimwomba achome mara moja zaidi, kwa uhakika tu. Akakataa.

Kona moja ya ncha, upande wa ndani, ilikauka ikawa nyeusi kama mkaa, na baada ya mwezi ikaanguka yenyewe, nikaikuta kwenye shuka. Kilichobaki kiliishi. Nilimuuliza daktari kwa simu kama kona ile ilikufa kwa sababu ya yale masaa mawili. Alisema huenda, na huenda sivyo. Sijamuuliza tena, na habaryar hajaniuliza.

Kucha imeota imepinda. Ncha haijui tena tofauti ya pamba na nailoni, ingawa siku za joto huwa nahisi kitu kama kuwashwa kwa mbali, na nashona, polepole. Nimerudi barabarani, nimekuwa Bute msimu mmoja, nimepita tena Dagahaley. Asubuhi za baridi kidole huwa na rangi ya zambarau na mimi hukitia kwapani mahali popote nilipo, hata mbele ya wateja, na moyo hunienda mbio kama nimerudi kwenye kile kitanda.

Idi iliyopita nilikuwa Garissa. Mpakaji wa hina alipofika kwenye mkono wangu wa kulia, habaryar alimzuia. "Hicho kiache," alisema. Alikichukua kidole kitupu katikati ya tisa vilivyochovywa, akakibonyeza kwa kidole gumba chake, kama anavyofanya kila ninaporudi kutoka safari, kabla hata ya kuniuliza habari za huko. Kikawa cheupe. Akaachia. Naye huwa anatazama akihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza, na mimi, kwa muda ule rangi ikiwa imeondoka na bado haijarudi, huwa sipumui.